Eliptikali Sebuleni: Futi Kamba Kwanza, Pesa Baadaye

Feni ya dari ndiyo ya kwanza kuchunguzwa. Chukua sebule ya kawaida ya Dar es Salaam au Mombasa yenye dari ya mita 2.7. Feni imening'inia, mapanga yake yako sentimita 35 chini ya dari, kwa hiyo kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga kuna mita 2.35. Baba mwenye nyumba ana urefu wa mita 1.78. Akipanda kwenye eliptikali, pedali ikifika juu kabisa humnyanyua sentimita 45 hivi, na soli za raba zake zinaongeza sentimita tatu. Utosi wake unafika mita 2.26. Zimebaki sentimita tisa kati ya kichwa na mapanga yanayozunguka, na siku atakapoinua mkono kufuta jasho, hizo tisa hazitamtosha.

Hesabu hiyo ni ya dakika mbili na futi kamba. Ifanyike nyumbani, kabla mashine haijapakiwa kwenye kirikuu.

Eliptikali ni ile mashine ya mazoezi yenye pedali mbili pana, kila moja ikiubeba wayo mzima, na mishikio miwili mirefu inayokwenda mbele na nyuma kwa zamu. Jina lake linatokana na duaradufu, umbo kama la yai ambalo mguu huchora hewani kwa kila hatua. Kampuni ya Precor, ya jimbo la Washington nchini Marekani, iliingiza mashine ya namna hiyo sokoni mwaka 1995, na tangu hapo imezoeleka kwenye jimu za kila pembe ya dunia. Manufaa yake makubwa ni kwamba wayo hauachani na pedali. Mtu anapokimbia barabarani, kila mguu unapotua, ardhi humrudishia nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wake. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni sawa na kilo 180 au zaidi, hatua baada ya hatua. Kwenye eliptikali moyo unakwenda mbio, mapafu yanafanya kazi, mikono na miguu inasukuma, lakini goti halipokei kishindo kile. Ndiyo maana mashine hii inawafaa sana wenye magoti yanayouma na wenye uzito mkubwa, ambao wakiambiwa wakakimbie hurudi nyumbani siku ya pili wakichechemea.

Haja ya kujishughulisha si jambo la mitindo. Mwaka 1953, Dk. Jerry Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda walifanya kazi ndani ya basi lilelile. Dereva alikaa kwenye kiti kutwa. Konda alipanda mamia ya vipandio vya ngazi kwa siku akikata tiketi. Madereva ndio waliougua zaidi moyo, na ugonjwa ulipowapata ulikuwa mkali zaidi. Leo wengi wetu tunaishi maisha ya yule dereva. Bodaboda inamfuata mtu mlangoni na kumshusha mlangoni pa ofisi, na jioni kochi linamsubiri. Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mwaka 2022 watu wazima wapatao bilioni 1.8, karibu asilimia 31 ya watu wazima wote duniani, hawakufikia kiwango cha chini cha mazoezi. Kiwango chenyewe, kwa mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli.

Kwa hiyo nusu saa kwenye eliptikali kwa siku tano inatosha kufika 150. Na isemwe wazi: kutembea haraka barabarani nusu saa hiyohiyo kunafika palepale, bure. Familia inayojibana kulipa ada za shule haina sababu ya kukopa kwa ajili ya mashine. Eliptikali inapata thamani yake pale ambapo nje hapafai: mtaa wenye magari na vumbi, msimu wa masika, mama anayerudi kazini giza limeshaingia, mtu asiyependa kufanya mazoezi mbele za watu, au bibi ambaye njia ya mawe imeshamwangusha mara moja.

Sasa dukani. Mnunuzi avae raba zake na apande juu ya mashine, si kwa dakika moja bali kumi. Kitu cha kuhisi kwanza ni urefu wa hatua, yaani umbali kati ya ncha ya mbele na ya nyuma ya duara la pedali. Mashine nyingi za bei ya chini zina hatua ya sentimita 30 hadi 35. Juu yake mtu mrefu hujikuta akipanda na kushuka kama anayekanyaga ngazi, magoti yamejaa mbele, nyonga hazifunguki. Kwa mtu wa mita 1.60 hivi, sentimita 40 hadi 45 huwa zinamkaa vizuri. Aliyevuka mita 1.75 atafute 50. Kama mashine itatumiwa na mume na mke waliopishana urefu, apimwe yule mrefu, kwa sababu mfupi huweza kuzoea hatua ndefu kidogo kuliko mrefu kuvumilia hatua fupi.

Pedali pia zitazamwe zilivyokaa. Zikiwa mbali sana moja na nyingine, nyonga hutanuka isivyo kawaida na mgongo wa chini ukaanza kulalamika kabla ya dakika kumi kuisha. Zikikaribiana, mwendo unafanana na kutembea.

Ndani ya boksi la plastiki kuna gurudumu zito, mafundi huliita flaiwili, na hilo ndilo linalofanya mwendo uwe laini. Likiwa jepesi, la kilo nne au tano, mzunguko huenda kwa kushtuka: pedali hukwama kidogo juu, kisha huporomoka. Kuanzia kilo saba hivi hali huwa nzuri zaidi, ingawa mpangilio wa vyuma nao una sehemu yake, na kwa sababu hiyo mguu ni shahidi bora kuliko karatasi ya matangazo. Ugumu wa kusukuma kwenye mashine nyingi za sasa hutoka kwenye sumaku inayosogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa. Haina kitambaa cha kulika, na haipigi kelele. Zile zinazorekebishwa kwa kitufe cha kuzungusha kwa mkono hazihitaji umeme wa ukutani, skrini hutumia betri ndogo tu. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, hii ni sifa kubwa.

Skrini yenyewe isimpumbaze mtu. Idadi ya kalori inayoonyeshwa ni makadirio, na mara nyingi hupanda kuliko kilichotumika kweli. Anayeitazama na kujiruhusu soda mbili atashangaa mizani haisogei.

Uzito wa juu unaoruhusiwa huandikwa kwenye kibandiko au kitabu cha maelekezo. Mwenye kilo 100 asinunue mashine iliyoandikwa 100. Aache nafasi ya kilo 15 au 20, maana mwili unaosukuma hulemea vyuma zaidi ya mwili uliosimama. Kwenye kibandiko hichohicho, mashine zinazofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 20957 huwa na herufi: H ni kwa matumizi ya nyumbani, S ni kwa jimu na taasisi. Herufi A, B au C huonyesha usahihi wa vipimo vyake, A ukiwa wa juu kabisa.

Mashine za mtumba zina neema na mitego yake. Eliptikali yenye herufi S iliyotoka kwenye jimu ya nje huwa imara kuliko mpya ya bei rahisi, lakini pia ni nzito na huenda haipiti kwenye mlango wa chumba. Iliyotoka Marekani ikiwa ya kuchomeka ukutani huwa imeundwa kwa umeme wa volti 110 hadi 120, wakati wetu ni 220 hadi 240. Ikichomekwa bila transfoma ya kushusha umeme, bodi ya umeme inaweza kuungua papo hapo. Volti zisomwe kwenye kibandiko kabla ya kulipa. Halafu mnunuzi aombe feni na redio za dukani zizimwe, azungushe pedali polepole kwa mkono, asikilize. Mlio wa "tak" unaorudi palepale kila mzunguko unaonyesha kiungo kilicholegea. Mkwaruzo usiokatika ni beringi zilizokufa. Ashike mshikio mmoja autikise kwa kando: ukicheza, bushi za ndani zimelika. Kwa watu wa mwambao, wa Zanzibar, Tanga au Malindi, kutu ni adui wa kudumu, basi aingize tochi chini ya mashine na kuangalia maungio na boliti, si rangi ya juu tu.

Nyumbani, mashine iwekwe juu ya mkeka wa mpira ili isiteleze kwenye marumaru, na iachiwe angalau sentimita 60 upande wa kupandia. Kuhusu watoto hakuna kulegeza. Gurudumu huendelea kuzunguka hata mtu akishaacha kusukuma, na kidole kidogo kikiingia kati ya mkono wa pedali na reli yake huumia vibaya sana. Kama kuna mtoto wa kutambaa au wa umri wa chekechea, chumba chenye mlango unaofungwa ni bora kuliko sebule.

Wenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, au maumivu ya kifua waongee na daktari kabla ya kuanza. Anayetumia atenolol au bisoprolol ajue kwamba dawa hizo hupunguza mapigo ya moyo, hivyo kanuni ya kukadiria mapigo ya juu kabisa kwa kutoa umri kwenye 220 haimfai. Kipimo salama ni cha mazungumzo: aweze kusema sentensi nzima lakini ashindwe kuimba. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenclamide aweke glukosi au juisi karibu, kwa kuwa sukari inaweza kushuka katikati ya mazoezi. Na kama nyayo zake zimeanza kufa ganzi, avae soksi na raba zilizomkaa, kisha akague nyayo kila amalizapo, kwa sababu lengelenge lisilouma ndilo linalogeuka kidonda. Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, au jasho la baridi likitoka, mazoezi yanaishia hapo na safari ni ya hospitali.

Wiki ya kwanza, dakika kumi kwa siku zinatosha, ugumu ukiwa wa chini, mgongo umenyooka na mikono ikisukuma badala ya kuegemea. Ganzi ya vidole vya miguu humpata hata mtu mzima wa afya akikanyaga kwa ncha. Kisigino kiteremshwe, itaondoka. Kila baada ya wiki moja ziongezwe dakika tano.

Jasho lifutwe kwenye mishikio na reli kila siku, kwa maana chumvi yake hula chuma. Na baada ya wiki mbili, mtu achukue spana iliyokuja na mashine, apige magoti sakafuni na kukaza boliti zote upya, akianzia zile za mikono ya pedali, ambazo hulegea mapema kuliko nyingine.