Zamu na Lupango: Maneno Mawili ya Kivu

Makala haya yanachunguza maneno mawili ya Kiswahili cha Kivu, zamu na lupango, ili kuonyesha jinsi woga na tofauti za matabaka zinavyoingia katika maana ya maneno.

Kwanza, muktadha. Mnamo Machi 1993, mauaji katika soko la Ntoto, Walikale, yaliwasha vita vilivyoenea hadi Masisi. Tangu hapo, watu wa maeneo hayo wamekimbilia Goma mara nyingi. Fedha za madini nazo zilishuka huko: koltani ya Rubaya, Masisi, na kasiteriti ya Bisie, Walikale. Sehemu yake ilijenga nyumba za fahari kando ya Ziwa Kivu, nyuma ya kuta ndefu. Milima ileile ilimtajirisha mwenye nyumba na kumfukuza mkimbizi.

Katika Kiswahili sanifu, zamu ni nafasi ya mtu katika kazi ya kupokezana. Kivuni, zamu pia ni mtu, yaani mlinzi wa nyumba. Linganisha:

(1) Zamu yangu imefika.
(2) Zamu amefika.

Sentensi ya (1) ina upatanisho wa ngeli ya I-ZI. Ya (2), wa A-WA. Kinyarwanda kimekwenda mbali zaidi: umuzamu, abazamu, kwa viambishi vya watu. Kisarufi badiliko ni dogo, kijamii ni kubwa. Katika (1), anayekesha leo atalala kesho. Katika (2), kupokezana kumetoweka: mmoja hukesha, mwingine hulala.

Lupango, katika Kiswahili cha Kongo, ni kiwanja kilichozungushiwa ua. Kinyarwanda kina urupangu. Nchini Tanzania, lupango ni mahabusu. Maana zote mbili zinakutana katika sifa moja: mahali palipofungwa. Zinatofautiana kwa anayeshika ufunguo. Hata hivyo, tajiri anayeogopa barabara usiku naye hatoki.

Kati ya hao wawili yuko zamu langoni. Huenda naye alikimbia kutoka Masisi, na sasa anamzuia anayefanana naye.

Kwa hiyo, wanafunzi wenzangu, fasili ya “mlinzi” peke yake haitoshi. Tuulize pia: anamlinda nani, dhidi ya nani, na zamu yake ya kulala itafika lini?