Ni Nani Aliyeliandika Upya Faili? Funzo la Uhakiki wa Matini kutoka Likoni

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi asomaye miswada ya kale huanza na swali moja: maneno haya ni ya nani? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikusanywa na kunakiliwa miongo kadhaa baadaye kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na William Taylor. Msomaji hana budi kutenganisha kauli ya mshairi na mkono wa mnakili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa swali hilo lina kazi hata mbele ya tarakilishi.

Tukio

Kituo kimoja cha vijana huko Likoni kilikuwa na seva iliyotumia CentOS, mfumo wa jamii ya Unix. Mwandishi wa makala haya alikuwa akisaidia pale nyakati za likizo. Kila asubuhi seva ilishindwa kutambua majina ya tovuti. Faili liitwalo /etc/resolv.conf, ambalo huielekeza mashine mahali pa kuulizia majina hayo, lilikutwa na anwani kongwe iliyokwisha kuachwa. Jioni tulilisahihisha, asubuhi masahihisho yetu yalikuwa yamefutika.

Mbali na sisi, mwenye nenosiri la msimamizi alikuwa kijana mmoja tu, aliyeizima mashine usiku na kuiwasha asubuhi. Minong'ono ikaanza, lisemwalo lipo, wakasema. Ikaamuliwa kuwa Ijumaa ataachishwa kazi.

Ushahidi

Kabla ya Ijumaa hiyo kufika tulilisoma faili kama mswada.

Kwanza, amri ls -l ilionyesha kuwa mmiliki wake ni root. Hapa ndipo wengi hukosea. Mmiliki wa faili si lazima awe ndiye aliyeliandika mwisho. Isitoshe, root ni jina la mamlaka wala si la mtu. Programu nyingi zinazojiendesha zenyewe hufanya kazi kwa jina hilo.

Pili, amri stat ilitupa saa ya badiliko la mwisho. Tulipoilinganisha na kumbukumbu zilizomo katika /var/log/messages, tuliona imeangukia dakika ile ile mashine ilipokuwa ikiwaka. Amri last nayo ilithibitisha kwamba wakati huo hapakuwa na mtu aliyekwisha kuingia kwa nenosiri.

Tatu, mwandishi alikuwa ametia sahihi yake. Mstari wa kwanza wa faili ulitaja dhclient-script. Tulikuwa tumeupita mstari huo kila jioni, tukidhani ni maelezo yasiyo na maana.

Dhclient ni programu inayoiomba ruta anwani ya mtandao kila mashine inapowaka. Ruta hujibu kwa kutoa anwani hiyo pamoja na ile ya seva ya majina, nayo programu huiandika katika faili na kuyafuta yaliyokuwamo. Ruta yetu ilikuwa ikitoa anwani ya zamani, na programu ikiinakili kwa uaminifu.

Suluhisho

Mwenzetu mmoja alitaka faili lifungwe kwa chattr +i ili lisiandikike tena. Njia hiyo huzuia dalili na kukiacha chanzo. Tuliandika PEERDNS=no katika faili la mipangilio ya kadi ya mtandao, tukaizima mashine na kuiwasha. Masahihisho yetu yakabaki. Anwani iliyomo ndani ya ruta nayo ikarekebishwa.

Hitimisho

Kijana aliendelea na kazi yake, ila hakuna aliyemtaka radhi hadharani. Sisi tuliofunzwa kuhakiki matini tulinyamaza siku kadhaa huku ushahidi ukiwa mbele ya macho yetu. Anayekutana na faili lililobadilika na ajiulize: limebadilika lini, ni kazi gani iliyokuwa ikiendeshwa dakika hiyo, na faili lenyewe linasema nini juu ya asili yake? Maswali hayo yatangulie kabla ya jina la mtu kutajwa.