Mafuta ya Volani Yanapovuja



Katika somo la ufundi la nambari hii tunazungumza juu ya pano moja ambayo wenye kamioneti wa Kasongo na Kabambare wanaijua sana: mafuta mekundu yanadondoka chini upande wa mbele, kiisha volani inaanza kulia na kuwa nzito. Mashofere wengi wana dawa moja tu. Asubuhi wanafungua kopo, wanajaza, wanafunga, wanakwenda. Hiyo haiko dawa, ni kumnywesha maji mtu anayehara bila kuuliza ugonjwa gani. Siku mafuta yatakapoisha njiani, pompi itazunguka kavu na kujikwaruza ndani. Na pompi mpya haiuzwi sokoni Kabambare kama chumvi.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Moteri inazungusha pompi kwa mkanda. Pompi inasukuma mafuta katika tiyo moja mpaka kwenye boati ya direksio, na huko mafuta yanasukuma pistoni upande ule shofere anaogeuza. Kiisha yanarudi ndani ya kopo kwa tiyo ingine. Ni kanuni ya Pascal, ile ile tunayosoma kwa fizika. Mmarekani Francis Davis aliionyesha ndani ya motokari mwaka 1926, na kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokari za namna hiyo mwaka 1951.

Tiyo hizo mbili haziko na nguvu sawa. Ile ya kwenda, volani ikigeuzwa mpaka mwisho, inaweza kubeba zaidi ya bar 70, na gurudumu la kamioneti halifiki hata bar 6. Ile ya kurudi inabeba kidogo tu. Tushike sana neno hilo.

Sasa, mafuta yanatokea wapi? Tone tunaloliona chini linadanganya. Mafuta yanafuata chuma, upepo wa safari unayasukuma nyuma, vumbi na matope vinayafunika. Yanaangukia huku, kumbe kidonda kiko kule. Kwa hiyo tunaanza na kuosha: maji, sabuni, burashi, kiisha kitambaa kikavu. Fundi anayetafuta ndani ya uchafu anabahatisha, na pyesi atakazonunua bure zinatoka Bukavu ao Kindu, si karibu.

Tukiisha kukausha, tujaze kopo mpaka alama, tutandike karto safi chini, tuwashe moteri. Mwenzetu mmoja ageuze volani polepole kushoto na kuume. Asiibanie mwishoni kupita sekunde tano, maana hapo pompi inateseka. Sisi tunaangalia kwa taa, tukianza juu na kushuka. Tusipapase tiyo kwa mkono wakati moteri inazunguka! Mafuta yanayotoka kwa tundu dogo na nguvu ile yanaweza kutoboa ngozi, na mkanda hauna huruma kwa vidole wala kwa mikono ya shati.

Mafuta yakionekana kwenye kole ya tiyo ya kurudi, hapo tuna bahati. Mara nyingi mpira umekauka kwenye ncha tu: tunakata kipande kidogo, tunarudisha, tunakaza kole mpya. Yakitoka pale tiyo ya nguvu inapofungwa kwa pompi, tuangalie rondela za shaba, zibadilishwe. Lakini tiyo yenyewe ya nguvu ikipasuka, tusidanganyane. Kuifunga kwa kipande cha shambrea na waya ni mchezo. Bar 70 haizuiliwi na kamba. Inatakiwa tiyo nyingine ya namna ile ile. Mafuta yakirushwa kuzunguka puli ya pompi, mpira wa kuziba kwenye mti wa pompi umekwisha. Kwa Land Cruiser ya mfululizo 70, tuangalie tena chini ya boati, pale mti unapotokea kwenda kuvuta magurudumu. Hilux za mwaka 2005 na kuendelea ziko na kremayeri: tufinye ile mipira yenye mikunjo pembeni, na kama mafuta yamejaa ndani, kidonda kiko kwa kremayeri.

Jambo la hatari kuliko yote ni chupa. Kwetu mafuta yanauzwa katika chupa za maji zisizo na karatasi, na mtu anamimina analolipata. Hilux na Land Cruiser nyingi zinaomba ATF Dexron II ao III. Tusome kifuniko cha kopo ao kitabu cha motokari. ATF ikiingia katika kopo la freni, mipira inavimba na freni zinaweza kukataa kwenye mteremko. Mafuta ya freni nayo yanaharibu mipira ya volani. Tupime hivi: tudondoshe tone katika glasi ya maji na kukoroga. Mafuta ya freni ya DOT 3 ao DOT 4 yanachanganyika na maji. ATF inarudi kuelea juu. Mwalimu wa kemia atawaeleza kwa nini.

Tukiisha kutengeneza, hewa inabaki ndani. Tuzibe magurudumu ya nyuma kwa mawe, tuinue ya mbele kwa kriki na kuyaegemeza imara. Moteri ikiwa imezimwa, tugeuze volani kutoka mwisho mpaka mwisho mara kumi na tano hivi, tukiongeza mafuta yanaposhuka. Kiisha tuwashe. Povu katika kopo ni alama ya kwamba hewa ingaliko: tuzime, tungoje, turudilie.

Na kama inatukuta njiani? Magurudumu yangali yanafuata volani, kwa sababu chuma kinaviunganisha. Ila volani inataka mikono miwili na nguvu. Shofere apunguze mwendo, asimame penye tambarare. Kufika kesho yake ni afadhali kuliko kupeleka abiria mtoni. Safari ya kwanza ikiisha, tufungue kopo mara ingine, moteri ikiwa imepoa, na tuangalie ile karto.