Kusugua Ngozi na Kuichubua: Tujue Tofauti

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unajibu swali ambalo akina mama na mabinti hutuuliza mara kwa mara: je, hizi krimu na sabuni zinazoandikwa kwamba zinaondoa ngozi iliyokufa zina faida, au ni njia nyingine tu ya kujichubua? Swali ni zuri, na jibu lake si la neno moja. Tatizo linaanzia katika lugha yetu yenyewe. Aliyeanguka na kukwaruza goti tunasema amechubuka. Anayejipaka mkorogo ili awe mweupe tunasema anajichubua. Kusaidia ngozi kudondosha seli zilizokufa ni jambo la tatu, lakini watu wengi huliweka kapu moja na hayo mawili, na hapo ndipo wanapoumia.

Ngozi hujivua yenyewe

Kwanza tuielewe ngozi. Seli mpya huzaliwa chini, katika tabaka la ndani la ngozi ya juu, nazo husukumwa kwenda juu taratibu. Zinapofika juu zimekwisha kufa, zimekuwa bapa na ngumu, zimepangana kama makuti ya paa. Kwa kijana safari hiyo huchukua wiki nne hivi. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi. Seli hizo zilizokufa si takataka. Ndizo paa la nyumba: huzuia maji ya mwili yasipotee ovyo, na huzuia vijidudu na sumu visiingie. Zimeshikamana kwa nyuzi ndogo mno za protini. Wakati ukifika mwili huzikata nyuzi hizo, na seli hudondoka bila sisi kuziona. Kwa hiyo ngozi yenye afya hujisafisha, wala haihitaji kukwanguliwa kila siku.

Matatizo huja pale seli zinapokawia kudondoka. Visigino hupasuka magaga. Mguu unaobanwa na kiatu huota sugu. Vitundu vya mafuta usoni huziba, na kijana anapata chunusi. Hapo msaada kidogo unafaa, nao ni wa namna mbili: kusugua kwa kitu chenye chembechembe, au kutumia dawa inayolegeza nyuzi zile.

Kusugua ni jambo la kale kwetu. Dodoki na jiwe la kusugulia miguu vimo katika nyumba nyingi. Huko Unguja na pwani yote, bibi harusi husuguliwa singo, mchanganyiko wa maua yaliyokaushwa na viungo vya kunukia vilivyosagwa. Viwanda vimeiga jambo hilo hilo, ndipo tukapata zile krimu ambazo mabinti wa saluni huziita skrabu. Ndani yake huwekwa sukari, chumvi, mashapo ya kahawa, au maganda ya jozi yaliyosagwa. Kwa miaka mingi viwanda vilipenda zaidi vishanga vidogo sana vya plastiki, kwa sababu ni vya duara, havina ncha, na ni rahisi. Lakini vishanga hivyo vilipita kwenye mifereji hadi mitoni na baharini, wala havikuoza. Marekani ilipitisha sheria ya kuvikataza katika vipodozi vya kuoshea mwaka 2015, na Uingereza ikafuata mwaka 2018.

Chembe za mimea zikisagwa vibaya hubaki na ncha kali, na hukwaruza uso. Ukiichukua skrabu kati ya vidole ukahisi kama mchanga wa kujengea, itumie miguuni, si usoni. Na hata iliyo laini isizidi mara moja au mbili kwa wiki, kwa mkono mwepesi. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu: kila jeraha dogo, hata lile lisilotoka damu, laweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi. Binti anasugua chunusi ili uso uwe safi, anapata madoa. Anasugua madoa, yanazidi. Tunawaona wengi wa namna hiyo.

Asidi

Namna ya pili ndiyo iliyojaa sasa madukani, nayo ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Hizi ni asidi. Nyingine majina yake ni mageni lakini chanzo chake si kigeni: asidi ya laktiki ndiyo ile ya maziwa ya mgando, na asidi ya glikoliki imo katika muwa, ingawa viwandani kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Van Scott na Yu, waliandika kwamba asidi za jamii hiyo ziliwasaidia wagonjwa ambao ngozi yao hukauka na kuota magamba kama ya samaki. Ilianza kama tiba ya wagonjwa; wauzaji wa urembo waliifuata baadaye.

Asidi ya salisiliki sisi wauguzi tunaijua siku nyingi. Imo katika marhamu ya Whitfield, pamoja na asidi ya benzoiki, ambayo hutolewa kwa mashilingi na fangasi wengine wa ngozi. Asidi ya benzoiki ni asilimia 6 na salisiliki ni asilimia 3. Kazi ya salisiliki hapo ni kulegeza magamba ili yaondoke pamoja na fangasi. Kwa kuwa huingia vizuri kwenye mafuta, hufaa pia kwa chunusi, kwa kawaida kwa kiasi cha asilimia 2 au chini. Kwa magaga tunapendelea krimu ya yurea, ambayo hulainisha na kulegeza kwa pamoja, ikipakwa usiku baada ya kuloweka miguu.

Ukali wa asidi hautegemei kiasi tu. Kuna kipimo kiitwacho pH: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi kuuma. Mtengenezaji makini huweka asidi, kisha huipunguza ukali kidogo kidogo huku akipima. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa Marekani wanaochunguza usalama wa vipodozi lilisema kwamba, kwa matumizi ya nyumbani, asidi ya glikoliki na ya laktiki isizidi asilimia 10, na pH isishuke chini ya 3.5. Lilitaka pia mtumiaji akingwe na jua, kwa sababu asidi hizi huifanya ngozi iungue kwa jua upesi zaidi. Kwa watu wenye ualbino hilo si jambo dogo. Tunawashauri waziache kabisa, isipokuwa daktari wa ngozi amesema vingine.

Sasa linganisheni hayo na kopo lisilo na namba wala jina la kiwanda, linalouzwa mnadani. Au na mchanganyiko wa jikoni wa ndimu na sukari ambao mabinti hufundishana. Ndimu ina asidi kali kuliko krimu yoyote ya halali ya nyumbani, tena ina kemikali ambayo ikipigwa na jua huiunguza ngozi kabisa, ikatoka malengelenge na kuacha alama nyeusi. Papai bichi nalo lina kimeng'enya kinachokula protini; hutumika viwandani, lakini utomvu wake mtupu usoni huleta vipele na mzio. Kitu kutoka shambani si lazima kiwe kipole. Upupu nao watoka porini.

Wengine hupaka asidi na mkorogo pamoja. Tumesema seli zile za juu ni paa. Ukilitoboa paa, kilichokuwa kinabaki nje kinaingia ndani. Mkorogo waweza kuwa na haidrokwinoni, dawa kali za jamii ya steroidi, au zebaki. Zebaki hupita kwenye ngozi na kwenda kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa 60 wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliokuwa wakipoteza protini kwenye mkojo na kuvimba mwili: zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mume anayemsifu mkewe kwa kuwa mweupe ayafikirie hayo. Tunawaambia wanaume jambo hili kwa makusudi, maana mara nyingi wanaoletwa wodini ni wanawake, lakini maneno yaliyowapeleka kwenye kopo hayakuwa yao.

Wako ambao hawapaswi kujaribu. Mgonjwa wa kisukari asitumie plasta za sugu wala asijisugue miguu kwa jiwe. Plasta hizo huweza kuwa na asidi ya salisiliki hadi asilimia 40, na mguu uliopoteza hisia hautamwambia kwamba unaungua. Kidonda kinaanza kimya kimya, na mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu. Mtoto mdogo asipakwe dawa ya salisiliki sehemu kubwa ya mwili, kwa kuwa huingia kwenye damu. Mama mjamzito aache krimu za dawa za jamii ya vitamini A zinazobandua ngozi, kama vile tretinoini. Na kwa bibi zetu tunaomba hivi: ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto si uchafu. Unamkinga. Asisuguliwe kwa kitambaa kigumu hadi awe mwekundu, hata kama nanyi mlisuguliwa hivyo.

Mkinunua, tafuteni chombo chenye jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Jaribuni kwanza kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, msubiri siku mbili. Msichanganye vitu viwili vya kubandua kwa wakati mmoja. Kuwashwa kidogo kwa dakika moja kwaweza kuvumilika. Uchungu hauna maana kwamba dawa inafanya kazi.

Ikitokea ngozi imeungua, oshea maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya mswaki, siagi wala yai, na usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, kaa mbali na jua, uje kituo cha afya, hasa kama ni usoni au karibu na macho. Na tafadhali uje na kopo lenyewe. Wengi hulificha kwa aibu, nasi tunabaki kukisia tunatibu nini.