Bango la Jicho Lililovimba

Wanachuo wenzangu, bango letu la kwanza lilikuwa baya. Nawaeleza kwa nini, ili mnaojiandaa kwa Siku 16 za Kupinga Ukatili msije mkalirudia.

Tulikuwa watano, na manila mbili, maka peni na rangi ya maji. Tukachora mwanamke mwenye jicho lililovimba, damu mdomoni, na juu yake kwa herufi kubwa: UKATILI DHIDI YA WANAWAKE SASA BASI! Tukalibandika mlangoni mwa kantini tarehe 25 Novemba, siku inayowakumbuka akina dada Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika. Tukajiona tumemaliza kazi. Siku ya tatu mtu kamchorea masharubu yule mwanamke. Iliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni maneno ya mwenzangu wa chumbani: "Lile bango lenu mimi nalipita nimeinamisha kichwa." Sikumwuliza kwa nini. Mambo yake nilikuwa nayajua kidogo, na jicho lake halijawahi kuvimba.

Nikarudi kulitazama. Yule mwanamke yuko peke yake. Aliyempiga hayumo, majirani hawamo. Anayepita anaombwa huruma tu, kisha aendelee na chai na chapati yake. Na msichana aliyeambiwa na mhadhiri "njoo jioni tuzungumzie alama zako" ataona damu ile na kudhani kwamba yaliyompata yeye si ukatili.

Kwa hiyo, kabla hujashika maka peni, jiulize ni nani atakayesimama mbele ya bango na unataka afanye nini. Mabango mawili yaliyofuata yalitoka kwenye swali hilo.

La kwanza lilikuwa la majirani. Tulichora milango mitatu ya hosteli, mmoja umefungwa, na kwenye ile mingine miwili watu wamesimama wanasikiliza. Maneno: WOTE TUMESIKIA. NANI KAGONGA? Ufupi huo tuliuiga kwenye kanga. Mama zetu wanajua kwamba jina la kanga ni mstari mmoja tu, na aliyekusudiwa anajijua. (Rasimu yetu ilikuwa na sentensi nne. Jamani, nani asome sentensi nne ana foleni ya wali?) Kisha libandike, urudi nyuma hatua kumi, usiposoma, andika upya. Vijana walisimama pale wakabishana, eti mambo ya wapenzi hayaingiliwi. Mimi nilifurahi, kwa sababu lile la jicho hakuna aliyelibishia.

La pili halikuwa na picha hata moja. Karatasi ya A4 tu, ndani ya mlango wa choo cha wasichana, mahali ambapo mtu yuko peke yake na hakuna anayemwona anasoma nini. Tuliandika kwamba aliyebakwa awahi hospitali, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Kwamba polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Na kwamba rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113. Chini tukakata vipande vya kuchana, kama matangazo ya vyumba vya kupanga, kila kimoja kina namba. Kimoja tulikichana wenyewe, maana hakuna anayependa kuwa wa kwanza.

Tulikata vipande 12. Ijumaa vilibaki 4, tukachapa nyingine.

Wiki iliyofuata mwenzangu alifungua daftari, kikaanguka kikaratasi chembamba. Akakiokota, akakirudisha katikati ya kurasa. Mimi nikaendelea kupiga pasi.