Gari Linapoinama Upande: Pima Sensa Kabla Hujanunua Springi

Mwaka jana, katikati ya masika, gari langu lilianza kuinama kona ya nyuma kulia. Asubuhi nililikuta limesimama sawasawa. Nikitoka Tegeta, kabla sijafika Mwenge, kona ile inashuka na taa ya sasipenshi inawaka kwenye dashibodi. Fundi aliinama akachungulia, akasema, "Kaka, springi ya hewa imekwisha hiyo." Nikanunua springi. Siku ya tatu gari likainama tena, kona ileile.

Nimeandika haya ili wewe usinunue kifaa ambacho hakijaharibika.

Gari la springi za hewa halina macho. Kwa kawaida, karibu na kila gurudumu kuna sensa ya kimo, kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chasisi, chenye mkono ulioungwa kwa kifimbo hadi kwenye sasipenshi. Gurudumu likipanda au kushuka, mkono unazunguka na sensa inapeleka umeme mdogo kwenye kompyuta. Sensa ikisema kona iko juu mno, kompyuta inatoa hewa. Ikisema iko chini, kompresa inajaza. Sensa ikidanganya, kompyuta inatii uongo, na lawama zinaangukia springi.

Kwanza, tenganisha uvujaji na sensa. Pima kwa tepu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, jioni gari likiwa limezimwa. Pima tena asubuhi kabla ya kuwasha. Kona moja ikiwa imeshuka sana usiku, tafuta uvujaji: paka maji ya sabuni kwenye springi, viungo vya mabomba na valvu, uangalie mapovu. Kona ikilala salama lakini ikashuka injini inapowaka, shuku sensa. Dalili hii nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na sikuisikiliza.

Pili, isome kompyuta. Vifaa vidogo vya bei nafuu vya kusoma kompyuta ya gari, vingi husoma injini tu. Tafuta fundi mwenye mashine inayoingia kwenye sasipenshi na kuonyesha kimo cha kila kona hapohapo. Kisha linganisha mashine na tepu. Tepu yangu ilitoa sentimita 48 kushoto na 41 kulia. Mashine ikasema kulia ndiko kuliko juu, tena namba zilirukaruka wakati gari limetulia tuli. Hapo nilijua nani mwongo.

Tatu, angalia kwa macho. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na hewa au jeki peke yake; hewa inaweza kutoka ghafla na gari likakulalia. Weka stendi imara kwenye chasisi na uyazuie magurudumu yasisogee. Safisha tope, kisha kagua kifimbo: kimevunjika? Kimechomoka kwenye kigololi chake? Boliti za sensa zimelegea? Chomoa soketi utazame kama kuna maji au kutu ya kijani kwenye pini. Kwetu pwani, hewa ya chumvi na madimbwi ya masika huzila soketi hizi taratibu. Mara nyingine kusafisha pini au kubadilisha kifimbo kunamaliza kazi.

Nne, pima umeme. Gari likiwa bado kwenye stendi, chomoa fyuzi ya kompresa kwanza, maana utakapousogeza mkono wa sensa kompyuta inaweza kudhani gari limeshuka na kuiwasha. Washa swichi bila injini. Sensa nyingi zina nyaya tatu: volti 5 za kuingia, ardhi, na waya wa ishara; ramani ya umeme ya gari lako itakuonyesha upi ni upi. Volti 5 zisipofika, au ardhi ikiwa mbovu, sensa haina kosa. Fuata waya.

Umeme ukiwepo, rudisha soketi, ingiza pini nyembamba ya mita ya volti kwa nyuma kwenye waya wa ishara, fungua kifimbo, kisha zungusha mkono polepole kutoka mwisho hadi mwisho. Kwa sensa nyingi za aina hii namba hutembea kati ya takriban volti 0.5 na 4.5, na lazima itembee laini, bila kukatika. Yangu ilipanda vizuri hadi karibu 2.4, ikaruka hadi 3.6, ikarudi 2.6. Pale katikati ndipo mkono unapokaa muda mwingi gari likiwa barabarani, na ndipo palipolika. Kwa hiyo usiridhike na kupima sehemu moja. Pitisha mkono wote, pole sana.

Tano, thibitisha. Kama sensa ya upande wa pili ina namba ileile ya kifaa, zibadilishe nafasi. Tatizo likihama nayo, umepata jibu. Namba zikitofautiana usijaribu, kwa sababu nyingine za kushoto na kulia hufanya kazi kinyume.

Nilifunga sensa mpya, lakini kazi haikuishia hapo. Katika magari mengi, sensa ikibadilishwa lazima kimo kipangwe upya: unapima kila kona kwa tepu, unaiingizia mashine vipimo, nayo inajifunza usawa mpya. Ukiruka hatua hii, gari linaweza kubaki limeinama ingawa kifaa ni kizima, na tairi zinaweza kulika upande.

Tangu hapo kona zote zinasoma sawa, kwenye mashine na kwenye tepu. Ile springi ya zamani niliipima baadaye kwenye ndoo ya maji: haikutoa hata povu moja. Ndugu msomaji, fundi akikwambia springi imekufa, mwombe akuonyeshe inapovuja. Asipoweza, usitoe hela, toa tepu.