Kubuni na Kusanifu: Usawiri wa Vipimo Vitatu na Maadili ya Taaluma katika Usanifu wa Majengo

Utangulizi

Nchini Kenya, mtaalamu anayechora majengo na kuusimamia ujenzi wake huitwa msanifu majengo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, chombo kinachowasajili wataalamu hao kinaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kuyapita majina haya mawili bila kutua. Kubuni ndicho kitenzi kilichoizalia fasihi istilahi ya bunilizi: kutoa akilini jambo ambalo halijapata kuwako. Kusanifu, kwa upande mwingine, kunasikika katika istilahi ya Kiswahili sanifu: kuliweka jambo katika kanuni na kipimo ambacho wote wanaweza kukirejelea. Mtaalamu ni mmoja na kazi yake ni moja, ila upande mmoja wa mpaka umemtazama anapoanza kazi, na upande wa pili umemtazama anapoikamilisha.

Makala haya yanachunguza mahali ambapo matendo hayo mawili yamechanganyika hata kutatanisha, yaani katika picha za majengo zinazotolewa kwa tarakilishi. Picha hizo huonekana kana kwamba zimepigwa kwa kamera, ilhali jengo lenyewe halijachimbiwa msingi. Kuna anga, kuna kivuli cha mti kwenye nyasi, kuna mtoto anayeendesha baiskeli. Picha ya namna hii ni kazi ya kubuni iliyovikwa mavazi ya kazi sanifu, na watu huilipia fedha. Mwalimu aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo hulipa arbuni ya nyumba kwa kuitazama picha tu. Mkenya aliyeko ughaibuni hutuma akiba ya miaka kadhaa kwa kuitazama hiyo hiyo. Ipo haja ya kuuliza ni wajibu gani unaomfunga aliyeitoa.

Suala la istilahi

Katika ofisi za wasanifu, tendo la kuitoa picha hiyo huitwa kurenda, na picha yenyewe huitwa thrii-dii. Maneno hayo yanatosha kwa mazungumzo ya kazini, lakini hayamfunulii msikilizaji lolote kuhusu kinachotendeka. Makala haya yanapendelea istilahi ya usawiri, ambayo wanafasihi wameizoea katika usawiri wa wahusika. Mwandishi wa riwaya anaposawiri mhusika, huteua: tabia hii ionekane, ile ifichwe, nyingine idokezwe tu. Anayesawiri jengo huteua vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba msomaji wa riwaya anajua kuwa anasoma riwaya. Kati yake na mwandishi kuna mapatano yasiyoandikwa. Mnunuzi wa nyumba hajaingia katika mapatano ya aina hiyo na yeyote.

Istilahi nyingine mbili zinahitaji kupambanuliwa. Modeli ni umbo zima la jengo lililohifadhiwa katika tarakilishi kwa vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Usawiri ni picha moja inayotolewa kutokana na modeli hiyo, kwa mwanga fulani na kutoka mahali fulani pa kutazamia. Hii si tofauti ya kitaaluma tu. Modeli inaweza kuwa sahihi kwa milimita, na bado usawiri wake ukampotosha mtazamaji.

Onyo la Alberti na sanduku la Cornell

Mashaka kuhusu picha nzuri mno ni ya kale kuliko tarakilishi. Leon Battista Alberti, Mwitalia aliyeandika kitabu cha usanifu majengo katikati ya karne ya 15 (kilichapishwa mwaka 1485, baada ya kifo chake), aliutenganisha mchoro wa mchoraji na mchoro wa msanifu. Mchoraji hutumia vivuli na mistari inayofifia ili vitu vionekane kujitokeza. Msanifu hapaswi kutegemea hayo, bali aonyeshe pembe na vipimo vya kweli. Hata kuhusu modeli za mbao, Alberti alitaka ziwe za kawaida, bila rangi wala mapambo, kwa kuwa modeli iliyopambwa humvuta mtazamaji auache mpango wenyewe na kuukodolea macho ustadi wa aliyeipamba. Inafaa kukumbuka kwamba maneno haya hayakutoka kwa mtu asiyeijua sanaa ya kuchora. Mwaka 1435 Alberti mwenyewe alikuwa ameandika kitabu kuhusu uchoraji na kueleza humo kanuni za kuonyesha umbali katika picha.

Ajabu ni kwamba usawiri wa tarakilishi, katika sehemu kubwa ya asili yake, ulianza kwa kuutafuta ukweli. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitengeneza sanduku lenye kuta za rangi na taa juu yake. Walikokotoa jinsi mwanga unavyoruka kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, wakatoa picha, kisha wakailinganisha na sanduku halisi. Ukuta mwekundu huutia wekundu kidogo ukuta mweupe ulio karibu nao. Picha ilitakiwa kulionyesha hilo kama jicho linavyoliona. Mwaka 1986 James Kajiya alichapisha mlinganyo mmoja unaoeleza mwanga unaotoka kila mahali kwenye uso wa kitu, na programu nyingi za leo zinautegemea. Swali la watafiti hao lilikuwa: je, picha inakubaliana na kitu? Swali ambalo mauzo yalileta baadaye ni jingine kabisa: je, picha inapendeza? Ufundi ule ule ulitumika kulijibu, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Jua la Boulder jijini Nairobi

Mfano mmoja mdogo unaonyesha jinsi picha inavyoweza kusema uongo bila mtu yeyote kukusudia kudanganya. Programu ya SketchUp ilitolewa mwaka 2000 na kampuni ya mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Ilinunuliwa na Google mwaka 2006, toleo la bure likasambazwa, na wanafunzi wa usanifu pembe zote za dunia wakajifunza kuchora kwayo. Kwa miaka mingi, mtu akianzisha kazi mpya bila kutaja mahali, programu hiyo ilichukulia kwamba jengo liko Boulder.

Mji huo uko digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Saa sita mchana mwezi Desemba, jua la huko huwa kusini, na kimo chake ni digrii 26 au 27 tu kutoka upeo wa macho. Miale yake hupenya dirishani na kufika katikati ya sebule. Nairobi iko digrii moja na robo hivi kusini mwa ikweta. Jua lake la adhuhuri huegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na hakuna siku ya mwaka ambapo kimo chake wakati huo hupungua digrii 65 hivi. Mwale wa namna hiyo huanguka karibu na kizingiti cha dirisha na kukomea hapo. Kwa hivyo, msanifu aliyesahau kubadilisha mahali humwonyesha mteja sebule yenye mwanga ambao hautaingia kamwe, na wakati huo huo humwonyesha ukuta wa kaskazini ukiwa kivulini katika adhuhuri ya Juni, wakati ambapo kwa hakika utakuwa unapigwa na jua. Katika baridi ya Nairobi ya Julai huenda jua hilo likakaribishwa kwa furaha. Hata hivyo, mteja alistahili kuambiwa ukweli kabla ya kukubali mahali pa madirisha.

Kosa hilo ni la kusahau. Yapo mengine ya kukusudia. Lenzi ya milimita 50, kwa kipimo cha kamera za filamu ya milimita 35, hukaribiana na mtazamo wa kawaida wa mtu. Anayesawiri chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu huchagua lenzi ya milimita 18, kisha huificha kamera nyuma ya ukuta alioufuta kwa kubonyeza mara moja, na chumba kikawa ukumbi. Akiona haitoshi, hupunguza kitanda. Hakuna mstari wa modeli uliobadilika. Chumba bado kina mita tatu. Lakini mnunuzi atakapoingia na kitanda chake halisi ndipo atakapojua.

Kisha kuna vitu vinavyofutwa. Mtu akisimama juu ya ghorofa yoyote jijini Nairobi huona matangi ya maji, meusi au ya buluu, juu ya paa baada ya paa, kwa sababu maji ya mfereji hayaji kila siku. Katika usawiri wa nyumba mpya tangi huwa halionekani. Nyaya za umeme hazionekani, wala jirani aliyejenga ghorofa sita umbali wa mita chache na kuziba upepo. Mjakaranda uliopandwa juzi huchorwa ukiwa na umri wa miaka ishirini. Mbinu hii mwanafasihi ataitambua mara moja: ni ufichaji, na huwa na nguvu kuliko uongo kwa kuwa kila kilichoonyeshwa chaweza kutetewa.

Picha za miji

Yanayohusu nyumba moja yameonekana katika miji mizima. Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, kando ya barabara ya Mombasa, kwenye ardhi ya ekari 5,000. Picha za minara ya vioo zilienezwa magazetini. Miaka kumi baadaye, kilichoonekana zaidi mahali hapo kilikuwa barabara, mabomba na kituo cha data. Hizo si kazi za kubezwa. Mji huanzia ardhini. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa ameonyeshwa picha ya bomba. Vanessa Watson, mtaalamu wa mipangomiji wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alichapisha mwaka 2014 makala kuhusu miji ya aina hii barani Afrika. Alionyesha kuwa picha zake zilifuata sura ya Dubai, Shanghai na Singapore, na kwamba wengi wa wakazi wa miji ya Afrika, ambao ni maskini, hawakuwa na nafasi katika picha hizo.

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhukumu kwamba kubuni kwenyewe ndiyo dhambi. Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la jumba la opera la Sydney mwaka 1957 kwa michoro ambayo haikuwa na maelezo ya kutosha. Umbo la makombe ya paa halikuwa na hesabu inayojengeka hadi mwaka 1961, alipopendekeza yote yakatwe kutoka katika tufe moja. Jumba lilifunguliwa mwaka 1973. Makadirio ya dola milioni 7 za Australia yalikuwa yamefikia milioni 102, na Utzon alikuwa amejiuzulu tangu 1966. Dunia ilipata jengo la pekee. Waaustralia walilipa gharama ambayo mchoro wa kwanza haukuidokeza. Ikiwa kuna hukumu hapa, basi ni kwamba waliouona mchoro ule walistahili kuambiwa kuwa bado ulikuwa ndoto.

Mhuri usiokuwapo

Chini ya Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo. Ramani inayopelekwa kwa serikali ya kaunti ili iidhinishwe hubeba jina, nambari ya usajili na saini ya anayeiwajibikia. Ukuta ukiwa mahali pasipofaa, anajulikana wa kuulizwa. Usawiri haubebi chochote kati ya hayo. Mara nyingi hutolewa na kijana aliyehitimu karibuni, anayelipwa kwa kila picha, na ambaye hajakanyaga kiwanja wala kukutana na mteja. Anaambiwa aongeze kijani, aondoe nguzo ya umeme, naye anafanya. Si haki kumlaumu yeye peke yake wakati ofisi iliyomwagiza ndiyo yenye mhuri.

Hili halikosi ufumbuzi. Mwongozo wa jiji la London wa kulinda mandhari zake, uliotolewa mwaka 2012, unaeleza jinsi ya kuandaa picha za majengo yanayopendekezwa ambazo usahihi wake unaweza kuthibitishwa: mahali pa kamera hupimwa kama mpaka wa kiwanja unavyopimwa, na picha huambatanishwa na maelezo ya jinsi ilivyotengenezwa. Hakuna kinachoizuia ofisi ya Nairobi au Mombasa kufanya hivyo bila kungoja sheria. Chini ya picha ya sebule yanaweza kuandikwa maneno machache: modeli ni ya tarehe fulani, na imefuata ramani nambari fulani, kamera iko kwenye kimo cha mita 1.6, lenzi ni sawa na milimita 35. Jua ni la Nairobi, saa nane mchana, tarehe 21 Juni. Miti imeonyeshwa ikiwa na umri wa miaka mitano. Tangi, nyaya na ghorofa ya jirani zimo. Maelezo hayo hayazidi mistari minne. Anayezoea kusoma ramani atayaona kuwa ndugu wa yale yaliyo katika pembe ya chini ya kila ramani: kipimo, tarehe, nambari na saini.